Jaribio la Kumi kati ya Kumi

Saa sita za usiku, Plovdiv, ghorofa ya saba.
Mvuke umeganda kwenye dirisha la jikoni
na kompyuta yaniambia, kama ilivyoniambia tangu magharibi:
jaribio la kumi kati ya kumi, chipu haijajibu.

Haijajibu. Si kwamba imekataa.
Anayekataa husema neno.

Bodi hii nimeizaa mwenyewe.
Ramani yake niliichapa juu ya ukurasa wa jarida la mitindo,
nikaupiga pasi kwenye shaba hadi wino ukahama,
nikaiogesha tindikali huko roshani, Novemba, vidole vimekufa ganzi,
ndani ya bakuli ambalo Gergina, mama wa mume wangu,
analitafuta hadi leo.

Kazi yake ni ndogo: kukaa chini ya jengo
ubavuni mwa pipa la divai la Stoimen,
itupigie kelele joto likipanda.
Mwaka jana divai yote iligeuka siki.
Stoimen hakulalamika. Alinunua kabichi.
Tumekula achari mpaka Pasaka.

Basi nikaanzia kwenye shina.
Kebo ya kwanza ilikuwa ya kuchaji simu tu,
inabeba umeme, haibebi maneno
(nina binamu wa namna hiyo, yuko Burgas).
Nikabadilisha. Hakuna jibu.
Nikapima volti: tano kasoro kidogo. Mgonjwa anapumua.
Nikaupitisha mdomo wa mita mguu kwa mguu, yote ishirini na minane;
kwenye wa tisa solda ilikaa juu kama ukoko, haikushika.
Nikaiyeyusha upya, ikang'aa.
Hakuna jibu.

Kisha nikaiona aibu yangu.
Waya wa kusema nimeuunga na wa kusema,
wa kusikia na wa kusikia,
sawa kwa sawa, kwa adabu kabisa.
Kinywa ndani ya kinywa,
na masikio mawili yakisubiriana gizani.
Nikazipishanisha. Taa ya njano ikakonyeza, mara mbili!
Nikasimama, kiti kikaanguka.

Hakuna jibu.

Kishindo kikamtoa Gergina chumbani,
sweta juu ya gauni la kulalia.
Miaka kumi na tisa alikaa kiwanda cha simu, mstari wa pili;
kompyuta haijui na hataki kuijua.
Akaitazama bodi bila kuigusa.
"Huyu kalala," akasema. "Nani anamwamsha?"

Nani anamwamsha.
Chipu ikizinduka hutega sikio kitambo tu,
chini ya kupepesa jicho mara tano,
labda mlangoni yupo mgeni na programu mpya;
asipokuwepo, inarudi kwenye shughuli zake.
Kapasita moja, ndogo kuliko punje ya dengu,
ndiyo huisukuma iamke kwa wakati.
Nikaigeuza bodi.
Matundu mawili, safi, matupu.
Niliichora. Sikuiweka.

Duka la vipuri hufunguliwa saa tatu asubuhi.
Gergina akainua kiti, akakaa,
akaweka kidole juu ya kitufe cha kuanza upya,
akakikandamiza.
"Useme."

Mara ya kwanza aliachia mapema.
Ya pili, nilichelewa mimi.
Ya tatu akaguna, tukavuta pumzi moja,
nikabonyeza, akaachia,

na kistari kikaanza kutambaa kwenye kioo,
asilimia nane, asilimia thelathini,
wala hatukuthubutu kukohoa,
tisini, tisini na tisa, ikakwama hapo
muda wa kutosha kuzeeka,
mia.

Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka.
Ndilo pekee nililoliandika: waka, zima.
Joto bado. Pipa bado. Kapasita bado.

Gergina aliihesabu, midomo ikicheza,
hadi kumi na mbili, kumi na tatu.
Kisha akainama kuchungulia chini ya meza,
penye kitu kipana chenye madoa ya kutu.

"Kumbe," akasema.